Lisansi ya kuingia kwenye serveri kutoka mbali: siku 120 zinazodanganya watu

Jambo tunaloongea leo halifundishwi sana kwenye auditoire, lakini mwaka wa kwanza wa kazi mtakutana nalo. Serveri ya biro iko Ibanda. Mhasibu mmoja yuko Kamituga, mwingine Uvira, mwingine Shabunda. Wote wanaandika kwenye programu moja ya hesabu, wakiingia kutoka mbali kwa njia ambayo Windows inaita Remote Desktop na sisi tunasema tu RDP. Miezi mitatu kila kitu kinatembea. Mwezi wa nne, asubuhi moja, kila mtu anaona ujumbe kwenye skrini: hakuna serveri ya lisansi inayoweza kutoa lisansi. Intaneti iko, umeme uko, neno la siri ni lile lile la jana. Wa kwanza kulaumiwa ni kijana wa informatiki. Na cha ajabu, hakuna kitu kimeharibika. Serveri inafanya tu vile ilivyoandikwa kufanya siku ya 120.

Tuanze na neno lenyewe. Hapa kwetu ukisema "lisansi" watu wanafikiria ile ya UOB, ya UCB, ya UEA ao ya ISP, ile ya kupigia picha na toge. Lisansi ya programu ni ruhusa. Haununui programu kama vile unanunua kitenge Kadutu, ukifika nyumbani unakata unavyotaka. Unanunua haki ya kuitumia kwa masharti: kwenye mashini ngapi, na watu wangapi, kwa kazi gani, mpaka lini. Sahani inaweza kuwa mkononi mwako, programu inaweza kuwa imekubali kuingia kwenye mashini, na bado hauna haki. Mambo hayo mawili, "inatembea" na "iko na haki", ndiyo yanachanganya watu wengi, hata watu wenye miaka kumi kwenye kazi.

Kwa nini RDP imeenea hivi kwenye mashirika ya Kivu ya Kusini? Sababu ni ya kimaisha kabisa. Ukiingia kwenye serveri kwa RDP, programu inatembea kwenye serveri yenyewe. Kinachosafiri kwenye laini ni picha ya skrini kuja kwako, na kibodi na panya kwenda kule. Faili kubwa ya hesabu haiondoki Bukavu. Mtu mwenye laini nyembamba ya VSAT ndani ya territoire anaweza kufanya kazi ambayo ingemshinda kama angetaka kufungua faili lenyewe kutoka mbali. Tena programu nyingi za hesabu zinazotumiwa hapa, Sage 100 kwa mfano, ni za Windows. Na tangu Kongo kuingia OHADA mwaka 2012, hesabu za namna ya OHADA zimekuwa lugha ya kila shirika na kila kampuni, kwa hiyo programu hizo hauzikwepi.

Basi, lisansi ziko ngapi? Hapa njo watu wanapotea, juu ziko tabaka tatu na mara nyingi kwenye proforma tunaona moja tu.

Fikiria mashua ya kwenda Goma. Mwenye kampuni amenunua mashua: hiyo ni lisansi ya Windows Server yenyewe. Tangu toleo la 2016 inahesabiwa kwa viini vya prosesa, na kiwango cha chini ni viini 16 kwa kila serveri, hata kama mashini yako iko na 8 tu. Toleo la Standard la 2025 lilitangazwa kwa bei ya dola 1,176 kwa viini 16. Sasa abiria. Kila anayepanda lazima akate tiketi ya safari: hiyo inaitwa CAL, yaani haki ya mtu mmoja ao ya kifaa kimoja kutumia serveri. Halafu abiria anayetaka kukaa kwenye kabini anaongeza pesa: hiyo ni RDS CAL, haki ya kufungua dirisha lake mwenyewe la kazi ndani ya serveri. Tiketi ya kabini peke yake, bila tiketi ya safari, haikuvushi. Mtu anayeingia kwa RDP anahitaji zote mbili. RDS CAL moja kwa wauzaji rasmi huwa inapita dola 100, kwa hiyo watu kumi si pesa ndogo, na ndiyo maana "inasahauliwa" kwenye bajeti.

Lakini mbona nikiweka Windows Server ninaweza kuingia kwa RDP bila kununua chochote? Swali zuri. Windows Server inaruhusu watu wawili kuingia kwa wakati mmoja bila RDS CAL, kwa ajili ya kutunza serveri tu: kuweka programu, kufanya nakala ya akiba, kurekebisha. Si kwa kuandika facture. Biro nyingi ndogo zinatumia nafasi hizo mbili kama mlango wa bure: kontable na kaisiye wanaingia kama "administrateur". Kwa mitambo inatembea. Kwa mkataba, hapana. Na kwa usalama ni hatari mbaya zaidi, juu sasa kaisiye iko na uwezo wa kufuta serveri nzima kwa kubonyeza vibaya.

Ukitaka watu wengi zaidi, unaweka ile kazi ya serveri inayoitwa Remote Desktop Session Host. Na hapo saa inaanza kuhesabu. Microsoft inakupa siku 120 za kujipanga: watu kumi, ishirini, wanaingia bila serveri ya lisansi. Siku hizo ni za kununua na kuweka lisansi. Sisi tunazichukua kama zawadi. Stajeri aliyefunga serveri amemaliza staji yake na kwenda, mradi unaendelea, hakuna aliyeandika tarehe popote. Siku 120 zikiisha, mlango wa watumiaji unafungwa. Ule wa watunzaji wawili unabaki. Ndiyo maana siku ile mtu wa informatiki anaingia bila shida na kusema "kwangu inatembea", wakati wengine wote wako nje.

Kuko na toleo lingine la ajali hiyo, na hili linauma zaidi: shirika limenunua lisansi, faktura iko, na bado mlango unafungwa. Mara nyingi sababu ni hii. Kununua ni hatua ya kwanza tu. Lazima uweke kazi nyingine inayoitwa Remote Desktop Licensing (inaweza kukaa kwenye serveri ile ile), uiamshe kwa Microsoft kupitia intaneti, ukurasa wa wavuti ao simu, halafu uingize lisansi ulizonunua. Kisha, na hapa njo wengi wanasahau, uiambie ile serveri ya kazi mambo mawili: serveri ya lisansi iko wapi, na tunahesabu kwa mtu ao kwa kifaa. Usipoiambia, lisansi zinakaa pale zikilala, na siku ya 120 inafika kama vile haukununua. Kuko chombo ndani ya Windows Server kinachoitwa Licensing Diagnoser. Kifungue wiki ya kwanza, kitakuonyesha kama serveri mbili hizo zinaonana.

Kwa mtu ao kwa kifaa? Uamuzi huu unaweza kuokoa nusu ya pesa, kwa hiyo tukae hapa kidogo.

Lisansi ya mtu inamfuata mtu: aingie kwa laptop, kwa kompyuta ya biro, kwa simu, ni ile ile moja. Lisansi ya kifaa inakaa kwenye mashini: watu watatu wa zamu tofauti wakitumia kompyuta moja, ni moja tu. Tuseme kituo cha afya Bagira kiko na kompyuta 4 kwenye mapokezi na duka la dawa, na wafanyakazi 12 wanaopokezana usiku na mchana. Kwa mtu utalipa 12. Kwa kifaa utalipa 4. Sasa tuseme ONG yenye watu 10, kila mmoja na laptop yake, kompyuta ya biro na simu. Kwa kifaa ni 30. Kwa mtu ni 10. Hesabu hii ya darasa la tano haifanywi mara nyingi, juu anayeandika proforma ni muuzaji, na anayesaini hajui hata kama kuko na aina mbili.

Na tafadhali, tuondoe wazo moja ambalo limekaa sana: lisansi 10 haimaanishi watu 10 "kwa wakati mmoja". Ukiwa na watu 25 wanaopokezana, kila mmoja na laptop yake, lisansi 10 hazikutoshi hata kama haijawahi kutokea wakaingia zaidi ya 6 pamoja. Hesabu ni ya watu wenye haki ya kuingia, si ya viti vilivyokaliwa. Kuko kampuni zingine, kama Citrix, ambazo zimeuza lisansi za kuhesabu walioko ndani kwa wakati ule. Microsoft kwa RDS haifanyi hivyo. Citrix ninaitaja pia juu teknolojia yenyewe ilitoka kwao: Microsoft iliichukua na kutoa Windows NT 4.0 Terminal Server Edition mwaka 1998. Jina la sasa, Remote Desktop Services, lilikuja na Windows Server 2008 R2 mwaka 2009. Ndiyo maana wakubwa wetu bado wanasema "TSE".

Namna serveri inavyosimamia aina hizi mbili si sawa. Kwa kifaa, mashini ikija mara ya kwanza inapewa lisansi ya muda ya siku 90. Ikirudi, inapewa ya kweli kama iko, na hiyo nayo inaisha na kujifanya upya kati ya siku 52 na 89, ili mashini iliyoibiwa ao iliyokufa isikae na lisansi milele. Zikiisha stoki, mashini mpya inakataliwa ile lisansi yake ya muda ikiisha. Kwa mtu, serveri ni mpole: inaandika tu kwenye Active Directory, na ukizidisha haizuii. Upole huo ni mtego. Mkaguzi wa mfadhili akija na kuuliza watu wangapi wanaingia na faktura ya lisansi ngapi, serveri yenyewe itamtolea ripoti.

Tena lisansi ya mtu inahitaji domeni. Biro nyingi za hapa hazina Active Directory. Mashini ziko tu kwenye "workgroup". Kuanzia Windows Server 2019, ukiweka lisansi za mtu kwenye serveri isiyo na domeni, mtumiaji anaingia, halafu anaona ujumbe kwamba kuko shida ya lisansi na atatolewa baada ya dakika 60. Watu wanafikiri ni Airtel ao Vodacom inakatika. Wanabadilisha modemu, wanapanda mlima kutafuta rezo, na kila saa moja kamili wanatolewa. Kama hauna domeni na hautaki kuijenga, nunua za kifaa.

Matoleo nayo: lisansi mpya inafungua serveri ya zamani, ya zamani haifungui serveri mpya. RDS CAL ya 2022 inaingia kwenye serveri ya 2019 na ya 2016. Ya 2019 haiingii kwenye serveri ya 2022. Kwa hiyo "bei nzuri" ya lisansi za 2016 ambayo mtu anakuonyesha leo, fikiria mara mbili: Microsoft itaacha kuitunza Windows Server 2016 tarehe 12 Januari 2027. Na usisahau Office. Ile Office ya sanduku inayouzwa na laptop haikubali kutembea kwenye serveri ya RDS. Inataka lisansi ya mkataba ao aina fulani za Microsoft 365 zenye haki ya kompyuta ya pamoja. Programu ya hesabu nayo iko na lisansi yake ya idadi ya watumiaji. Ukiorodhesha, orodhesha zote.

Sasa tuongee ukweli wa mji. Mtasikia: "Acha mambo ya wazungu, kuko njia." Njia ziko, kweli. Kuko wanaorudisha nyuma ile saa ya siku 120. Kuko wanaochezea Windows 10 ao 11 ya kawaida ili ikubali watu wengi kwa wakati mmoja, wakati lisansi yake inaruhusu mmoja. Kuko wanaouza kwenye mtandao "lisansi 50 kwa dola 20", ambazo mara nyingi zinatoka kwenye mkataba wa kampuni nyingine kabisa. Sitawahubiria. Sheria iko, Ordonnance-loi 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986 juu ya haki za watunzi, na tangu tarehe 13 Machi 2023 tuko na Code du numérique. Lakini kwa maoni yangu hatari ya karibu si mahakama. Ni kwamba vile vidude vya kuvunjia lisansi unavipa haki zote za serveri, na haujui ndani kuko nini, wakati serveri hiyo ina mishahara na majina ya wagonjwa. Na mlango wa 3389 ukiuacha wazi kwenye intaneti, wezi wanaupata haraka; kumbukeni mwezi wa 5 wa 2019, lile tundu lililoitwa BlueKeep kwenye RDP ya Windows za zamani, ambalo mtu angeweza kupita hata bila neno la siri. Weka VPN mbele, basi.

Kwetu jambo hili limekuwa zito zaidi tangu Februari 2025. M23 ilipoingia Bukavu, mabenki yalifunga, na wafanyakazi wengi walijikuta mbali na biro zao: ng'ambo ya Ruzizi, Bujumbura, Kinshasa. Kazi ya mbali ikawa ndiyo kazi. Serveri iliyokuwa na watu watano kutoka nje ikataka kupokea kila mtu, kila mmoja kwa kifaa chake. Hapo lisansi za kifaa zilizonunuliwa kwa kompyuta za biro hazimsaidii mtu aliye na laptop ya kuazima Bujumbura. Na kulipa lisansi mpya bila benki ni kibarua: mara nyingi inabidi makao makuu, ao biro ya mji mwingine, ndiyo inunue na kutuma namba. Hili linawezekana bila shida, juu lisansi hizi hazisafiri kwa ndege. Ni namba za mkataba. Ziandike kwenye karatasi, weka nakala nje ya serveri na nje ya nyumba ile. Serveri ikiungua kwa umeme wa kuruka-ruka, ao ikichukuliwa, ni hizo namba na faktura ndizo zitakusaidia kuomba Microsoft ziwekwe tena kwenye serveri nyingine. Bila namba, unanunua upya.

Je, lazima tupite huku? Si kila mara. Swali la kuuliza kabla ya proforma yoyote ni: programu hii inahitaji kweli dirisha la Windows? DHIS2, ile ya Chuo Kikuu cha Oslo ambayo wizara yetu ya afya inaitumia kukusanya taarifa za afya, inafunguliwa kwa kivinjari tu. Ni programu huru, hakuna CAL, hakuna siku 120. Odoo toleo la Community nayo ni hivyo. Kama kazi ni kuandika barua na majedwali, serveri ya Debian ao Ubuntu yenye xrdp na LibreOffice inapokea watu wako wote kwa RDP ile ile, bila kulipa lisansi ya mtu hata mmoja. Utalipa kwa njia nyingine: muda wa kujifunza, na mtu wa kuitunza. Lakini huyo mtu ni wewe, na mshahara unabaki mjini. Kwa Sage haitawezekana. Hapo unarudi kwa Windows na unalipa. Kama shirika lako si la faida, uliza kwanza mpango wa Microsoft kwa mashirika ya aina hiyo, ao TechSoup, kabla ya kukubali bei ya dukani.

TeamViewer na AnyDesk, ambazo wengi mnazo kwenye simu, si dawa ya jambo hili. Zinashika skrini moja ya mashini moja. Hazifungulii watu kumi madirisha kumi. Na bure ya TeamViewer ni kwa matumizi ya nyumbani: ikihisi unafanya biashara, inaanza kukukata.

Kwa wale bado wako masomoni ao wanatafuta kazi: Microsoft inatoa Windows Server ya majaribio ya siku 180, inapakuliwa bure. Iweke kwenye mashini ya kubuni ndani ya laptop yako kwa VirtualBox, kama iko na RAM ya GB 8 inatosha kujaribu. Weka Session Host, weka Licensing, fungua Diagnoser, ona ujumbe wa onyo la siku zinazobaki. Ni kazi ya Jumamosi moja. Halafu ukiitwa kwenye mahojiano ya kazi, uliza swali hili kabla hawajakuuliza: watu wangapi wanaingia kwenye serveri yenu kutoka nje, na kwa vifaa vingapi? Wakikujibu "hatujui", tayari kazi yako ya wiki ya kwanza iko mezani.